Dawa ya Sukari Haiui Figo, Uongo Wetu Ndio Unaua

Wasee, kuna sentensi moja nimechoka kuiskia. Iko kwa matatu, iko saluni, iko kwa grupu ya WhatsApp ya familia, na siku hizi iko kwa kila klipu ya tatu nikifungua simu: "Dawa za sukari zinaua figo."

Wengi wenye wanaisema hawawezi hata kukuonyesha figo iko wapi kwa mwili. Lakini wanaisema wakiwa na uhakika kama mtu ameona kwa macho yake.

Na sasa sentensi imepata sinema yake. Fomula ni ile ile. Mtu amevaa koti jeupe, ameshika kijiti cha kupima mkojo. Anakichovya kwa kikombe, rangi inabadilika, kamera inakaribia. "Oneni! Huyu mama anameza dawa ya hospitali na bado mkojo umejaa sukari! Figo imetoboka!" Halafu muziki unabadilika, chupa ya unga wa kijani inaingia, linki iko kwa bayo, tunatuma kote nchini.

Leo tuongee kuhusu hicho kijiti. Rangi yake mara nyingi ni ya ukweli. Mkojo uko na sukari kweli. Maelezo ndiyo uongo, na ni uongo wenye unafanya mathe wa mtu atupe vidonge kwa choo leo, halafu miaka michache mbele familia ianze kuzungusha paybill ya mchango kila wiki.

Kabla uandike komenti: najua mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata haikuwa kozi ya mambo ya hospitali. Lakini mwenye anauza unga pia si daktari, na yeye hujamuuliza cheti. Kwa hivyo skiza hoja, ipime, kisha uende ukaulize daktari wako mwenyewe kama nimedanganya.

Tuanze na kazi ya figo yenyewe.

Kila siku figo zako mbili zinachuja karibu lita 180 za maji ya damu. Lita 180, yaani mitungi tisa ya lita 20. Huwezi kukojoa mitungi tisa, kwa hivyo karibu yote inarudishwa mwilini. Ndani ya hayo maji kuna glukosi, hiyo sukari ya damu, kama gramu 160 hadi 180 kwa siku kwa mtu mwenye hana kisukari. Kijiko cha chai kinabeba kama gramu nne. Hesabu mwenyewe: zaidi ya vijiko 40 vya sukari vinapita kwa chujio la figo zako kila siku, na usipokuwa na kisukari karibu hakuna hata chembe inafika chooni.

Inarudi vipi? Kwenye mirija midogo ya figo kuna protini zenye kazi yao ni kubeba. Fikiria mahamali wa Marikiti. Mzigo unashushwa, wao wanaubeba na kuurudisha ndani ya soko. Kikosi kikubwa kinaitwa SGLT2. Kinabeba karibu asilimia 90 ya hiyo sukari, na kila akibeba glukosi anabeba na chumvi pamoja. Kumbuka hiyo chumvi, tutairudia. Sukari yenye imebaki inaokotwa mbele kidogo na kikosi kingine, SGLT1.

Lakini mahamali wana kikomo. Sukari ya damu ikipanda kupita karibu 10 kwa ile mashine ya kutoboa kidole, mzigo unawazidi. Sukari inaanza kumwagika kwa mkojo. Ndiyo maana wazee walikuwa wanajua ugonjwa huu kwa kuangalia sisimizi wakikusanyika mahali mtu amekojoa. Hakukuwa na maabara, lakini sisimizi hawadanganyi.

Sasa hapa ndipo stori inakuwa ya ajabu. Ungedhani mtu akipata kisukari, figo ingesema, "Sukari imezidi, wacha tuitupe." Inafanya kinyume. Kwa kisukari cha aina ya pili, figo inaongeza nguvu ya kubeba. Kile kikomo kinapanda. Figo inashika sukari yenye mwili ungefurahi kuitupa na kuirudisha kwa damu yenye tayari imejaa. Haina ubaya, inafuata tu kanuni ya zamani ya mwili, kwamba sukari ni chakula na chakula hakitupwi. Kanuni hiyo ilikuwa poa wakati wa njaa. Kwa mtu mwenye damu imejaa sukari, inammaliza.

Basi watafiti wakajiuliza swali rahisi: tukiwapumzisha mahamali kidogo, itakuwaje?

Hizo ndizo dawa zenye ule mse wa koti jeupe anazipigia kelele. Majina yake ni magumu: dapagliflozini, empagliflozini, kanagliflozini. Tuziite gliflozini. Zinakaa mahali SGLT2 inashikia sukari na kuizuia isibebe. Sukari yenye ingerudi kwa damu inateremka na mkojo, kama gramu 60 hadi 80 kwa siku kwa mtu mwenye kisukari na figo zinazochuja vizuri. Hiyo ni vijiko 15 hadi 20 vya sukari kwenda chooni kila siku, bila kuisukuma kongosho ifanye kazi zaidi.

Kwa hivyo mtu anayemeza gliflozini ukimpima mkojo kwa kijiti, lazima kibadilike rangi. Lazima! Kama hakibadiliki kabisa, daktari anaweza hata kujiuliza kama mgonjwa anameza dawa kweli. Hakuna kitu kimetoboka. Kuonyesha hicho kijiti na kusema figo imekufa ni kama kuona mtu anafagia nyumba, uone takataka nje ya mlango, halafu upige kelele kwamba nyumba ni chafu.

Mse wa klipu hajui hii, ama anajua na amenyamaza. Sijui gani ni mbaya zaidi.

Najua jibu lenye linakuja: "Hizo ni kemikali za wazungu, sisi tunataka vitu asili." Sawa, tuongee asili.

Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kitu kichungu kwa ganda la mzizi wa mti wa tufaha. Kikaitwa florizini. Mwaka 1886 daktari wa Ujerumani, Joseph von Mering, akawapa mbwa hicho kitu na akaona sukari inatoka kwa mkojo. Huo mti ndio babu wa gliflozini zote. Ukitaka mitishamba, hii hapa, ganda la mzizi kabisa.

Lakini skiza kwa nini hatuchemshi mizizi ya tufaha. Florizini inafyonzwa vibaya tumboni, na inazuia pia SGLT1, yenye kazi yake kubwa iko kwa utumbo. Matokeo ni kuharisha. Kwa hivyo watafiti walichukua umbo la florizini na kulibadilisha hadi likawa linamlenga SGLT2 na kumwacha yule mwingine. Kulikuwa pia na ushahidi mwingine mzuri: kuna watu wanazaliwa na jeni ya SGLT2 yenye haifanyi kazi. Wanakojoa sukari maisha yao yote, na wengi wao wako sawa. Hadi dawa ya kwanza ya kundi hili ipate kibali Marekani ilikuwa 2013. Kutoka kwa ganda la mti hadi kidonge ni zaidi ya miaka 170.

Na metformini, ile dawa ya kwanza ya sukari yenye karibu kila shosho ako nayo? Asili yake pia ni mmea, Galega officinalis, wenye ulitumika Ulaya zamani. Kwa hivyo hii vita ya "asili dhidi ya hospitali" ni ya kutengenezwa. Vidonge vimetoka kwa mimea. Tofauti ni kwamba kwa kidonge unajua miligramu ngapi, kimepimwa kwa watu wangapi, na kilimfanya nani mgonjwa. Kwa chupa ya kijani unajua tu namba ya kutuma pesa.

Twende kwa swali lenyewe. Je, zinaua figo?

Kumbuka ile chumvi. Mahamali wakifanya kazi kupita kiasi wanarudisha sukari nyingi na chumvi nyingi. Mbele kwa mrija kuna kama mlinzi wa kupima chumvi yenye imefika. Akiona ni kidogo anadhani damu yenye inachujwa haitoshi, kwa hivyo anaamuru mfereji wa kuingiza damu kwa chujio ufunguliwe zaidi. Presha ndani ya chujio inapanda. Kila figo ina karibu machujio milioni moja, madogo kuliko unavyoweza kuona, na hiyo presha inayatwanga usiku na mchana kwa miaka. Yanaanza kuvuja protini. Halafu yanafunga moja moja. Haiumi. Hakuna kengele inalia.

Gliflozini ikizuia SGLT2, chumvi inapita na kumfikia mlinzi. Anaona iko ya kutosha, anafunga mfereji kidogo, presha ya chujio inashuka. Figo inapumua. Na faida hii ya kulinda inaendelea hata wakati figo zimechoka kiasi kwamba dawa haitoi tena sukari nyingi.

Hiyo ni nadharia, na kwa nadharia hata muuza unga ako na yake. Tuangalie watu.

Utafiti mmoja wa kimataifa, DAPA-CKD, ulitolewa 2020. Watu 4,304 wenye ugonjwa sugu wa figo. Nusu wakapewa dapagliflozini, nusu kidonge bandia, na hakuna aliyejua anameza gani. Baada ya kama miaka miwili na nusu, kwa kundi la kidonge bandia watu 312 walikuwa wamepoteza nusu ya nguvu ya figo zao ama zaidi, ama figo zimekufa kabisa, ama wao wenyewe wamekufa kwa sababu ya figo au moyo. Kwa kundi la dawa walikuwa 197. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi sana. Kabla ya hapo, utafiti wa kanagliflozini ulioitwa CREDENCE, wenye watu 4,401 wote wa kisukari, nao ulisimamishwa mapema kwa sababu hiyo hiyo. Hadithi ya empagliflozini ilianzia kwa moyo: mwaka 2015 utafiti wa watu 7,020 ulionyesha vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa vimepungua kwa asilimia 38.

Soma tena. Dawa yenye tunaambiwa inaua figo ndiyo madaktari wanawapa watu wenye figo zimeanza kufa, ili zisife haraka. Hata wagonjwa wa figo wasio na kisukari wanapewa.

Sasa mbona uvumi una nguvu hivi? Siwezi kusema tu watu ni wajinga, kwa sababu si wajinga. Wanaona kitu cha kweli na kukisoma kutoka mwisho.

Chukua metformini. Haiharibu figo. Lakini inatoka mwilini kupitia figo, kwa hivyo figo zikidhoofika daktari anapunguza dozi, na zikidhoofika sana anaiondoa kabisa ili isijikusanye mwilini. Jirani anaona nini? Anaona baba ya fulani alimeza metformini miaka kumi, figo zikakufa, na daktari akaiacha haraka. Anahitimisha kwamba daktari aligundua ni dawa. Kumbe kwa miaka hiyo yote ni sukari na presha zilikuwa zinakula figo.

Gliflozini nazo ziko na mtego wao. Wiki za kwanza, kipimo cha nguvu ya figo huwa kinashuka kidogo. Ni ule mfereji umefungwa kidogo, presha imeshuka, uchujaji umeshuka nayo. Kwa wengi kinatulia, na baada ya hapo kinashuka polepole kuliko kwa mtu asiyetumia dawa. Lakini mgonjwa mwenye hajaelezwa akiona namba imeshuka mwezi wa kwanza, nani atamshawishi aendelee? Klipu inamngoja na jibu tayari.

Halafu kuna kuchelewa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 hapa Kenya ulionyesha karibu asilimia 88 ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa sukari ya damu. Mtu anaishi na kisukari miaka mingi bila kujua, anaenda hospitali akiwa tayari na figo mbovu, anaanzishiwa dawa, na miezi sita baadaye anaambiwa yuko hatua ya mwisho. Familia inakumbuka kitu kimoja: "Alikuwa sawa hadi alipoanza hizo dawa." Hakuwa sawa. Alikuwa hajapimwa.

Nimeona hii kwa nyumba yetu. Shosho alifowadiwa video na mtu wa kanisa, akaacha metformini kimya kimya, vidonge akavificha kwa mkebe wa majani chai ili mathe asijue. Miezi miwili akinywa unga wa kijani na uji. Siku ameishiwa nguvu na kupelekwa hospitali, mashine ilisoma 22. Mwenye aliuza ule unga hakupiga simu kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Alikuwa laivu usiku huo huo.

Na kitu chenye kinanichoma zaidi ni hiki. Wenye wanaogopa kidonge cha sukari hawaogopi vitu vyenye kweli vinaweza kuumiza figo. Diklofenaki na ibuprofeni tunazinunua kama peremende. Mgongo ukiuma, meza. Kichwa, meza. Magoti ya shosho, meza kila siku mwaka mzima bila kuuliza mtu. Hizo dawa za maumivu zikitumiwa hivyo, hasa kwa mtu mwenye sukari, presha au figo dhaifu, zinaweza kuziharibu. Hakuna mtu anatengeneza klipu kuhusu hiyo.

Na mitishamba? Miaka ya mwanzo ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake walikuwa wanaenda kliniki ya kupunguza uzito na kupewa mchanganyiko wenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja kwa mchanganyiko ulikuwa na sumu inaitwa asidi ya aristolokia. Figo za zaidi ya watu mia moja ziliharibika, wengi wakaishia kwa mashine ama kuwekewa figo nyingine, na wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Vitu asili kabisa, na vilitolewa kwa kliniki safi. Asili haikujui na haikupendi. Sumu ya nyoka pia ni asili.

Sitaki mtu asome hapa akimbie duka la dawa. Gliflozini si peremende. Sukari kwa mkojo inafurahisha kuvu, kwa hivyo maambukizi ya sehemu za siri ni ya kawaida, na usafi unasaidia. Inatoa maji mwilini, kwa hivyo mzee mwenye anatumia pia dawa za kukojoa anaweza kupata kizunguzungu. Kuna hatari ndogo lakini kubwa kwa uzito wake: damu kujaa asidi ya ketoni, hata kama mashine haionyeshi sukari ya juu sana. Dalili ni kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka. Hiyo ni kukimbia hospitali, hakuna kungoja asubuhi. Ndiyo maana mgonjwa anaambiwa aisimamishe kwa muda akiwa anatapika, hali chakula, ama anaenda kupasuliwa, na mwenye anafunga Ramadhani anapaswa kuongea na daktari mapema. Wenye kisukari cha aina ya kwanza na wajawazito kwa kawaida hawapewi. Na haibadilishi dawa ya presha, insulini kwa mwenye anaihitaji, wala kupunguza soda.

Umeona? Nimekwambia ubaya wake kwa aya moja. Nenda umwombe mwenye unga wa kijani akuambie ubaya wa bidhaa yake. Ngoja jibu.

"Lakini makampuni ya dawa yanataka tu pesa." Ndiyo, yanataka. Hapo tuko pamoja, na hasira yako ni halali. Kidonge kizuri chenye mtu wa Kayole ama Kisauni hawezi kununua kila mwezi hakimsaidii. Lakini angalia hasira inaelekezwa wapi. Machi 2025, hatimiliki ya empagliflozini ilipoisha India, kampuni nyingi zikaingia sokoni mara moja, na kidonge chenye kilikuwa karibu rupia 60 kikaanza kupatikana kwa chini ya rupia 15. Kwa hivyo bei si amri ya Mungu. Inaweza kushuka. Tungekuwa tunapigania hiyo! Shirika la Afya Duniani liliweka dawa hizi kwa orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Mtu ameajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwenda SHA kila mwezi. Swali la kijana mwenye hasira lilipaswa kuwa: mbona kidonge cha kulinda figo si rahisi kupata kwa zahanati ya mtaa wetu kama mashine zinavyozidi kuwekwa za watu ambao figo zao zimeshakufa?

Fanya hesabu. Kikao kimoja cha dayalisisi, ile mashine ya kusafisha damu, kinagharimu zaidi ya shilingi 10,000. Mara mbili kwa wiki kwa mwaka ni vikao 104. Hiyo ni zaidi ya milioni moja kwa mtu mmoja, iwe inalipwa na SHA, na chama, ama na ng'ombe wa babu. Hapo sijaweka nauli, siku za kazi zimepotea, na binti wa kidato cha tatu mwenye sasa ndiye anampeleka mama hospitali kila Jumanne na Ijumaa.

Sasa niongee na wenzangu wa kamera, kwa sababu tunajuana.

Tunajua vile hii mambo inafanya kazi. Hofu inatazamwa. "Dawa hii inakuua" inapata maelfu kabla ya chai ya saa nne, na "pima albumini ya mkojo mara moja kwa mwaka" inapata watu arobaini na mmoja wao ni anti yako. Mtu anakuja kwa inboksi na ofa: soma hii skripti, shika hii chupa, nitakutumia doo. Kodi imefika. Naelewa njaa, mimi pia naishi kwa hii kazi. Lakini kuna tofauti kati ya kuuza viatu feki na kumwambia mgonjwa aache dawa. Kiatu feki kikiraruka mtu anatembea na malapa. Figo ikikufa hairudi, na hakuna kitufe cha kufuta.

Ukitaka kupost kuhusu afya, post. Lakini usimwambie mtu aache kitu chenye daktari alimpa, na kama umelipwa kushika chupa, sema umelipwa. Ukishindwa na hayo, rudi kwa prank. Hakuna mtu alikufa kwa prank yako mbaya.

Na nyinyi wenye mnatazama, mko na nguvu kuliko mnavyodhani. Nyumbani wewe ndiye unajua simu. Mathe na mzae wanafowadiwa hizo klipu, na wanakuja kwako kuuliza, "Hii ni kweli?" Siku hiyo usiseme "sijui" ukaendelea kuskroli. Kaa chini nao.

Waulize mara ya mwisho walipima lini sukari na presha. Kama wako na kisukari, uliza kama wamewahi kufanyiwa vipimo viwili vya figo: kretinini ya damu, na albumini ya mkojo, kile chenye kinaonyesha chujio limeanza kuvuja kabla mtu ahisi chochote. Kijiti cha sukari hakiwezi kukuambia hali ya figo. Hivyo viwili vinaweza. Kama figo zimeanza kuguswa, nendeni pamoja mumuulize daktari kwa heshima: "Daktari, gliflozini inamfaa mzazi wangu?" Pengine atasema ndiyo, pengine hapana na atakueleza kwa nini. Vyovyote vile, mtakuwa mmeuliza mtu mwenye atakuwepo wiki ijayo.

Halafu angalia kwa kabati, chini ya kitanda, kwa mkebe wa majani chai. Ukipata vidonge havijaguswa, usimfokee. Muulize ni video gani aliona.